Mganga, Dawa na Hofu: Tunajifunza Nini Kutoka kwa Wafang?



Neno letu "mganga" ni la kale kuliko Kiswahili chenyewe. Ukivuka Bara la Afrika kutoka Bahari ya Hindi hadi misitu inayopakana na Atlantiki, utawakuta Wafang wakimwita mtabibu wao wa jadi ngengang, na sikio la Mswahili halihitaji kamusi ili litambue kwamba neno hilo na letu yametoka katika mzizi mmoja wa Kibantu. Wafang hukaa kaskazini mwa Gabon, kusini mwa Kamerun na katika Guinea ya Ikweta, ambako ndio walio wengi nchini. Sehemu kubwa yao wamebatizwa katika Kanisa Katoliki. Tumewachagua katika makala haya kwa sababu swali ambalo waamini wa parokia zetu hutuuliza kila mara, yaani kama Mkristo aweza kwenda kwa mganga, limeishi kwao kwa muda mrefu na kwa uzito mkubwa. Huenda likatusaidia kufikiri kwa utulivu zaidi tukilitazama kwa watu walio mbali, kuliko tukianza na mganga wa mtaa wa pili ambaye sote tunamjua kwa jina.

Tatizo la kwanza ni kwamba swali lenyewe si moja. Wafang wana neno biang, linalofanya kazi ileile ambayo kwetu hufanywa na neno "dawa". Gome lililochemshwa kutuliza homa ni biang. Kifurushi anachofungiwa mwindaji ili asikose shabaha ni biang. Na kile kinachozikwa njiani usiku ili kumdhuru jirani, nacho ni biang. Sisi pia tunasema dawa ya malaria, dawa ya mapenzi na dawa ya panya bila kupepesa macho. Padre akisema altareni "msitumie dawa za kienyeji", bibi mwenye miti shamba yake ya tumbo husikia amehukumiwa pamoja na mpiga ramli. Na yule mpiga ramli, akisikia padre mwingine akisifu miti shamba, hujiona amepewa cheti. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, tutenganishe kwanza vitu hivi.

Tuanze na miti, kwa kuwa hapo ndipo penye utajiri. Msitu wa Wafang ni mojawapo ya misitu minene zaidi duniani, na watu walioishi humo vizazi kwa vizazi wameujua kama mkulima ajuavyo shamba lake. Mti wa ekuk, ambao wanasayansi huuita Alstonia boonei, una gome chungu linalochemshwa kwa ajili ya homa. Adzap, mti mkubwa ajabu ambao wafanyabiashara wa mbao huuita moabi, hutoa mafuta ya kula katika mbegu zake, na gome lake hutumika katika tiba. Huo ndio mti unaotajwa katika simulizi la uhamaji wa Wafang: mababu walipofika msituni, mti huo ulikuwa umeziba njia, wakalazimika kuutoboa shina ili wapite. Oveng, ambao mbao zake nyekundu hutafutwa sana na wafanyabiashara wa kigeni, ni mti unaoheshimiwa, na gome lake hutumika katika kuoga na kujitakasa. Unga mwekundu wa mti wa padouk hupakwa mwilini katika ibada na katika tiba. Mtabibu mzuri hajui jina la mti tu. Anajua pia gome lichunwe wapi na lichemshwe kwa muda gani, na anajua nani asipewe.

Hapa tungependa waamini wetu wamfahamu padre mmoja ambaye habari zake hazisimuliwi vya kutosha upande huu wa Afrika. André Raponda-Walker alizaliwa mwaka 1871, mama yake akiwa wa kabila la Wampongwe wa Libreville. Mwaka 1899 akapewa daraja ya upadre, mzalendo wa kwanza wa Gabon kuipokea. Alihudumu katika misheni mbalimbali za nchi hiyo, na kila alikokwenda aliuliza: mti huu mnauitaje, na mnautumia kwa nini? Mwaka 1961, akiwa na umri wa takriban miaka 90, alichapisha pamoja na mtaalamu wa mimea Roger Sillans kitabu kinene juu ya mimea yenye manufaa ya Gabon, chenye majina ya mimea katika lugha za nchi, Kifang kikiwemo. Mwaka uliofuata wakachapisha kingine juu ya ibada na imani za watu wa Gabon. Padre huyu hakuona kwamba kuandika maarifa ya wazee kunapunguza chochote katika Misa aliyoadhimisha asubuhi. Alifariki mwaka 1968.

Kwa upande huu mafundisho ya Kanisa hayana utata. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamheshimu tabibu na kueleza kwamba ni Mungu aliyeitoa dawa katika ardhi, na kwamba mwenye busara haidharau. Anayechemsha gome kwa uaminifu na kwa kipimo, anayesema wazi anachokijua na asichokijua, na anayempeleka mgonjwa hospitali akiona hali imemzidi, anafanya kazi njema. Haihitaji kuungamwa. Inahitaji tahadhari ile tunayoidai kwa dawa yoyote, kwa maana gome linaloponya kwa kijiko huweza kuua kwa kikombe. Anayetumia miti shamba pamoja na vidonge vya hospitali amweleze daktari. Wagonjwa wengi huficha jambo hili kwa aibu, na aibu hiyo imewagharimu baadhi yao figo na maini.

Lakini Mfang akiugua muda mrefu, gome peke yake halimtoshi, wala halimtoshi Msukuma, Mhaya au Mpogoro. Hapa tunaingia katika kiini cha jambo.

Wafang na ndugu zao Wabeti wa Kamerun husema juu ya kitu kinachoitwa evu. Ni vigumu kukitafsiri. Husemwa kwamba ni kitu kinachokaa tumboni mwa mtu, mithili ya kiumbe kidogo chenye uhai wake, nacho humpa mwenyewe uwezo usio wa kawaida. Wabeti husimulia kwamba hapo mwanzo evu aliishi msituni peke yake. Mwanamke mmoja, akipuuza katazo alilopewa, akafuata njia ya msituni, akamkuta, akakubali kumbeba hadi kijijini ndani ya mwili wake. Huko evu akaanza kudai chakula: kwanza mifugo, kisha watoto. Hivyo kifo kikaingia nyumbani kwa watu. Msomaji wa sura ya 3 ya kitabu cha Mwanzo hawezi kukosa kusikia mwangwi, na wamisionari waliusikia pia.

Jambo ambalo wageni wengi hawakulielewa ni kwamba evu si ubaya mtupu. Mtu aweza kuwa naye akamtumia kupata ufasaha wa kusema, mali, au kipaji cha kuponya. Aweza pia kumtumia kula watu usiku, na hapo huitwa nnem, mchawi. Ngengang mwenyewe huaminiwa kuwa na evu, la sivyo angewezaje kuwaona wachawi na kupambana nao? Kwa hiyo mponyaji na mwuaji, katika fikra hii, wana silaha ileile, na tofauti yao ni nia tu. Zamani, mtu alipokufa kwa namna ya kutiliwa shaka, mwili wake ulipasuliwa na wajuzi ili kuangalia kama alikuwa na evu na wa namna gani. Familia nzima ilisubiri nje majibu hayo, kwa sababu yaliamua kama marehemu ataliliwa kama aliyeuawa au kama mwuaji aliyeshindwa.

Tufikirie maana yake kwa maisha ya kila siku. Anayefanikiwa anashukiwa kuwa amekula wenzake, na anayeshindwa anashuku kwamba ameliwa. Mzee aliyeishi kupita wenzake wote anatazamwa kwa jicho la pembeni, na mjomba mwenye duka lenye bidhaa anakuwa mtuhumiwa wa kwanza mtoto wa dada yake akifa. Lluís Mallart Guimerà, Mkatalonia aliyekaa kama mmisionari kati ya Waevuzok, mojawapo ya koo za Wabeti, katika miaka ya 1960 na baadaye akawa mwanaanthropolojia, alieleza jinsi watu hao wanavyotofautisha magonjwa ya kawaida na yale ya ulimwengu wa usiku. Kwa magonjwa ya kawaida huulizwa: ni nini? Kwa yale ya usiku huulizwa: ni nani? Tukiyatazama mambo haya kama wachungaji, mpaka unaotuhusu haupo kati ya hospitali na miti shamba. Mpaka unapita kati ya maswali haya mawili.

Swali la "nani" ndilo linalovunja nyumba. Kila padre katika bara letu anayeitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa anajua hali hii: anafika, anamkuta mgonjwa kitandani, shangazi mmoja yumo chumbani na mwingine amekatazwa kuvuka kizingiti kwa sababu kuna mtu ameshamtaja. Ugonjwa ni wa ini au wa damu, vipimo vipo mezani, lakini familia imekwisha kugawanyika. Mgonjwa akipona, jina lililotajwa halifutiki, na akifa ni vibaya zaidi. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu swali hilohilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Naye akalikataa swali. Hakuwapa jina la mtu. Kisha akatema mate, akafanya tope, akampaka yule kipofu machoni. Tunasisitiza mambo haya mawili yasomwe pamoja, maana mara nyingi tunasoma moja na kuacha jingine. Bwana hakudharau tope wala mate. Kati ya Wabeti, baba mzee humbariki mwanawe kwa kumpulizia mate, na hakuna sababu ya Mkristo kuona haya kwa ishara hiyo. Alichokikataa Bwana ni kumtafuta wa kulaumiwa.

Haki inatudai tuseme pia kwamba mganga wa Kifang si mtaja majina tu. Katika matibabu mengi ya jadi, ya Wafang na ya Wabeti, mgonjwa huombwa kukiri mbele ya wenzake yale aliyoyaficha: wizi, uzinzi, chuki dhidi ya ndugu. Ndugu nao husema yaliyo moyoni. Ugonjwa unachukuliwa kuwa jeraha la jamaa nzima, na jamaa nzima hukaa pamoja hadi neno la mwisho litoke. Tukilinganisha na mgonjwa wetu wa mjini anayelazwa peke yake, akitembelewa saa kumi hadi saa kumi na mbili, tutaelewa kwa nini watu hutoka hospitali wakiwa na vidonge sahihi na bado wakatafuta mahali pengine pa kusikilizwa. Maungamo hayo ya hadharani si Sakramenti ya Kitubio, na yana hatari zake, hasa mgonjwa dhaifu anaposhinikizwa kukiri asichokitenda. Lakini njaa inayoyazaa ni njaa ya kweli.

Hapo zamani ulinzi wa ukoo ulikuwa mikononi mwa Byeri. Mafuvu ya mababu yalisafishwa na kuhifadhiwa katika sanduku la gome la mti, na juu yake akawekwa mlinzi, sanamu ya mbao iliyong'arishwa kwa mafuta. Wazee waliuliza mababu kabla ya safari, kabla ya uwindaji, na ugonjwa ulipozidi. Wamisionari wengi waliona hapo ibada ya sanamu, na masanduku mengi yalichomwa. Sanamu, lakini, Wazungu walizipenda: zimejaa katika majumba ya makumbusho ya Paris na New York, zinasifiwa na wachoraji na wachongaji, ilhali mafuvu yaliyozipa maana yalitupwa. Sisi ambao katika altare zetu tunahifadhi masalia ya watakatifu tungeweza kuanza mazungumzo na wazee wale kwa namna nyingine. Hatusemi kwamba Byeri ni sawa na masalia, kwa sababu kuwaita wafu ili kutabiri ni jambo ambalo Katekisimu inalikataa waziwazi, namba 2116. Lakini shauku ya kubaki katika ushirika na waliotangulia ina jibu katika fundisho letu la Ushirika wa Watakatifu, na jibu hilo lilichelewa kutolewa.

Kadhalika serikali za kikoloni zilikivunja Ngi, chama chenye vinyago vyeupe vya uso mrefu, kilichowasaka na kuwaadhibu wachawi. Kilikuwa na ukatili wake na hatukililii. Hata hivyo, chombo kiliondoka na hofu ikabaki, na hofu isiyo na mahali pa kwenda hutafuta njia mpya.

Mojawapo ya njia hizo ilikuwa Bwiti. Hii haikuwa ya Wafang kwa asili. Waliipokea kutoka kwa Wamitsogo na Waapindji wa maeneo ya kusini zaidi nchini Gabon, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaenea kati yao, wakati vijana wengi walipokuwa mbali na kwao katika kambi za wakata magogo. Mtaalamu James Fernandez aliandika juu yake kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1982. Katika hekalu lao wanabwiti hukesha usiku kucha kwa kinubi cha nyuzi nane, na hula gome la mzizi wa iboga, ambao Wafang huuita eboka. Katika Bwiti ya Kifang mambo ya Kikristo yamechanganywa mno: wapo wanaomtaja Kristo na Bikira Maria kwa majina ya Kifang, na eboka huliwa mahali pa Ekaristi. Anayeingizwa hula kiasi kikubwa, akaona maono, akaamini kwamba amefika kwa wafu na kuzungumza nao. Wengi huingia kwa sababu ya ugonjwa usiopona au utasa.

Mwaka 2000 serikali ya Gabon ilitangaza iboga kuwa urithi wa taifa, na siku hizi wageni kutoka Ulaya na Marekani hufunga safari kuitafuta, wakitumaini hasa kuachana na dawa za kulevya. Kiini chake, ibogaini, kinachunguzwa na wanasayansi kwa ajili hiyo. Tunawaomba vijana wetu wanaoona matangazo yake mtandaoni wajue jambo moja: ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, na watu wamekufa kwa kuitumia. Marekani na Ufaransa zimeipiga marufuku. Na kwa Mkatoliki kuna kizuizi kinachotangulia hicho cha afya: hakuna awezaye kuketi katika meza mbili, ya Mwili wa Kristo na ya mmea uliowekwa mahali pake.

Papa Benedikto XVI, katika waraka Africae Munus alioutia sahihi huko Ouidah, Benin, Novemba 2011, aliligusa jeraha hilo la kuwa na miguu katika nyumba mbili, akitaja mahangaiko ya afya, ya watoto na ya kujikinga na pepo wabaya kuwa ndiyo yanayowarudisha Wakristo huko. Miaka miwili kabla yake, huko Luanda, aliwataja kwa uchungu watoto wa mitaani na wazee wanaohukumiwa kuwa wachawi. Huo si mzaha. Mtoto hufukuzwa nyumbani kwa neno la mtu mmoja aliyelipwa kulisema, na anayelisema aweza kuwa mganga au hata mhubiri mwenye kipaza sauti. Katekisimu, namba 2117, inakataza kuzitiisha nguvu za siri hata kama nia ni kumponya mtu, inakemea kuvaa hirizi, na inaongeza kwamba tiba za jadi haziwi kisingizio cha kuziita nguvu za uovu wala cha kuwanyonya watu wepesi wa kuamini.

Kwa hiyo mwamini anapotuuliza kama aende, sisi humwuliza maswali. Huyo unayemwendea, anatazama ugonjwa au anatazama majirani zako? Je, amekuuliza dalili, au amekuuliza unamshuku nani? Anakueleza anachokupa, au anasema ukikijua kitapoteza nguvu? Bei yake ni ya jasho la kuchimba mizizi, au inapanda kadiri hofu yako inavyopanda? Amekuambia uache dawa za hospitali? Amekutaka ulete kuku wa rangi fulani, ulale makaburini, ujichanje? Mara nyingi mwamini hujijibu mwenyewe kabla hatujafika swali la tatu.

Kisha tunamwuliza jambo ambalo hakulitarajia: umeshamwita padre? Watu wengi bado huita Mpako wa Wagonjwa "sakramenti ya kufa", na kwa hiyo humwita padre wa mwisho, baada ya daktari, baada ya mganga, wakati mwingine mgonjwa akiwa hawezi tena kusema. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, hasemi aitwe kwa anayekata roho. Anasema kwa aliye mgonjwa. Sakramenti hii hutolewa kwa anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, kwa anayekwenda kufanyiwa operesheni nzito, na yaweza kurudiwa hali ikizidi. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wamtaarifu paroko mapema, siku ugonjwa unapojulikana. Nasi tukifika tungependa kuikuta jamaa yote chumbani, pamoja na yule shangazi aliyesimamishwa nje.